Kosa la jirani, hasara yako: vyama vya wafanyabiashara na sisi wadogo tunaouza nje

Swali ninaloulizwa sana inboksi ni hili: "Dada, nikijiunga na chama nitapata mnunuzi?" Jibu fupi ni hapana, hutapata. Na ukikutana na chama kinachokuahidi mnunuzi siku ileile unayolipa kiingilio, waulize waliojiunga mwaka jana wamepata wanunuzi wangapi, uone watakavyoanza kuangaliana. Jibu refu ndo hili hapa, na ni refu kweli, kwa hiyo chukua chai kabisa.

Mimi kazi yangu ni makaratasi. Niko Arusha, naandaa nyaraka za mizigo ya watu wadogo, wale ambao mzigo wao wote unaweza kuingia kwenye Canter moja na nafasi ikabaki. Viungo, mboga, parachichi, mara mojamoja vikapu na shanga. Kwa kazi hii unajikuta unaishi na vyama hata kama hukupanga, maana ukitaka cheti cha uasili wa bidhaa, ile karatasi inayosema mzigo huu kweli umetoka Tanzania ili mteja apate punguzo la ushuru kwao, unaenda TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima iliyoanzishwa 1988. Siyo wizara, ni chama. Watu wengi wanashangaa hapo, wanadhani karatasi ya namna hiyo lazima itoke serikalini kama vile cheti cha afya ya mimea kinavyotoka TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu. Kwa hiyo wengi wetu tunaingia kwenye mambo ya vyama kwa mlango wa karatasi, tunachukua muhuri tunaondoka, hata jina la mwenyekiti hatulijui.

Sasa nikuambie chama kinafanya nini kwenye biashara ya kuuza nje, kwa jinsi ninavyoona mimi. Mnunuzi wa Rotterdam au Dubai hakujui wewe. Hata jina la kampuni yako kulitamka hawezi. Anachojua ni nchi na bidhaa: maharage ya Kenya, sangara wa Ziwa Victoria, parachichi la Tanzania. Hilo jina mnalitumia wote, wewe na yule jamaa wa kijiji cha pili ambaye anapulizia dawa leo na kuvuna kesho. Akiharibu yeye mnafungiwa wote. Na hakuna mtu mmoja mdogo anayeweza kulilinda hilo jina peke yake, hata awe msafi kiasi gani.

Tuanze na samaki maana hapo jambo linaonekana waziwazi. Miaka ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vimejaa kuzunguka ziwa, Mwanza, Kisumu, Jinja, ndege zinapakia minofu kwenda Ulaya kama hakuna kesho. 1997 Wahispania na Waitaliano wakakuta salmonela kwenye minofu. Hilo halijapoa, mwisho wa mwaka kipindupindu kikapiga Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa kwetu hadi katikati ya 1998, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wakasema hiyo siyo njia inayofaa ya kupambana na kipindupindu lakini nani alisikiliza. Halafu 1999 likaja lile kubwa, ikajulikana upande wa Uganda kuna watu wanavua kwa kumwaga sumu ya wadudu majini, soko la Ulaya likafungwa kwa nchi zote tatu za ziwa.

Hebu mfikirie mvuvi wa Ukerewe hapo. Hiyo sumu hajawahi hata kuiona, yeye ana nyavu zake na mtumbwi wake, anafika mwaloni asubuhi anaambiwa kiwanda hakinunui. Wakala aliyekuwa anamgombania jana leo anamkwepa macho. Samaki yule wa kilo saba ambaye angekuwa minofu Ulaya anaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa palepale, na hata mama anayeuza mapanki, yale mabaki ya samaki ya kiwandani, naye biashara imekufa, maana bila minofu kukatwa kiwandani mapanki yanatoka wapi?

Kilichonivutia kwenye habari ile ni nani alirudi kabla ya nani. Uganda, ambako ndiko sumu ilianzia, ilirudi sokoni kabla ya Kenya, na Kenya ikawa ya mwisho kati ya watatu. Wenye viwanda wa Uganda walikuwa wameshaungana kwenye chama chao, UFPEA, toka miaka ya mwanzo ya tisini. Sisemi ni chama peke yake, serikali yao nayo iliweka ukaguzi chini ya mamlaka moja badala ya ofisi mbili tatu kugombania mihuri. Lakini kulikuwa na watu wa kukaa nao mezani, wachache, wanaojuana, wanaoweza kukubaliana kubanana wao kwa wao. Serikali ikitaka kuongea na "sekta" lazima iwepo sekta ya kuongea nayo, siyo watu sabini kila mtu na simu yake anampigia mkurugenzi.

Wakenya nao wana kidonda chao cha maharage machanga, yale ya kijani yanayoliwa na ganda lake. Kuanzia Januari 2013 Ulaya wakaamua mizigo kumi ya maharage na njegere za ganda kutoka Kenya ikifika, mmoja unafunguliwa unapimwa mabaki ya viuatilifu, sababu kubwa ikiwa dawa ya dimethoate. Asilimia kumi inaonekana ndogo ukiisoma, ila maharage hayana subira, kila siku inayokaa bandarini au uwanja wa ndege ikisubiri majibu ya maabara ndo siku ambayo supamaketi haitakulipa. Na ili usikamatwe kule unapima huku kwanza, kwa pesa yako.

Hapo kwenye kupima ndo mtu mdogo anapoumia na watu hawaielewi hesabu yake. Maabara haikuulizi una tani tatu au una kilo mia tatu. Sampuli ni sampuli, bei ni ileile. Mwenye tani tatu anaigawa hiyo gharama kwa kila kilo haionekani, mwenye kilo mia tatu inamla faida yote na nauli. Na siyo kipimo tu, karibu kila kitu kwenye kuuza nje kiko hivyo: mkaguzi wa cheti anatoza siku zake na usafiri wake, hajali shamba ni nusu eka. Mtu wa kuandika faili anataka mshahara ileile. Ndege ndo usiseme, bei ya mizigo ya anga inakwenda kwa ngazi, kilo 45, kilo 100, 300, 500, na kadri unavyopanda ngazi kila kilo inakuwa nafuu, kwa hiyo wewe mwenye kilo themanini unalipa kwa kila kilo zaidi ya tajiri mwenye tani, kwenye ndege hiyohiyo, mkienda mji uleule.

Kwa hiyo mimi nikisikia mtu anasema chama kinasaidia wadogo kuuza nje, nauliza kwanza, kinagawana gharama gani? Kama hakuna gharama hata moja mnayoigawana basi hiyo ni klabu, siyo mbaya, watu wanahitaji klabu, ila usiilipie kama vile ni soko.

Hapa kwetu mfano ninaouona kwa karibu ni TAHA, chama cha watu wa mboga, matunda, maua na viungo, makao yake hapahapa Arusha, kilianza 2004. Wana mengi na siyo yote nayapenda, lakini kitu kimoja walichofanya ambacho ningependa vyama vingine viige ni kuanzisha kampuni ya kushughulikia mizigo, TAHAFresh. Yaani badala ya kupiga kelele tu kwamba usafiri ni tatizo wakaingia wenyewe kwenye usafiri, wanakusanya mizigo ya watu tofauti wanaitafutia nafasi. Kwa mtu wa kilo themanini hiyo ina maana kubwa kuliko semina ishirini. Sisemi shida imeisha, mzigo mwingi wa kaskazini umekuwa ukipanda lori unapita Namanga unakwenda kupaa Nairobi kwa sababu kule ndege za mizigo ni nyingi kuliko KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, na watu wa huku wanalalamika kila siku parachichi letu linaitwa la Kenya. Malalamiko yana ukweli, ila ndege haiji KIA kwa uzalendo, inakuja kwa tani. Na tani zitatoka wapi kama kila mtu anabeba boksi lake?

Naomba nitoke kidogo Afrika Mashariki maana kuna mji mmoja huwa naupigia mfano mpaka wenzangu wamenichoka, unaitwa Sialkot, uko Punjab ya Pakistani. Umejaa viwanda vidogovidogo, vingi ni karakana tu za familia, wanatengeneza mikasi na koleo za upasuaji zinazotumika hospitali za dunia nzima, na wanashona mipira, ile Brazuca ya Kombe la Dunia 2014 ilitengenezwa huko pia. Mwaka 1994 Wamarekani, kupitia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, wakazuia vifaa vya upasuaji kutoka Pakistani kwa sababu ya ubora. Karakana ya watu sita utafanya nini na FDA? Chama chao, SIMAP, ndo kikakaa na serikali, wakaleta wataalamu kutoka Marekani kufundisha viwanda taratibu za uzalishaji zinazotakiwa, na soko likafunguka tena. 1997 likaja la watoto kushona mipira, chemba ya Sialkot ikasaini makubaliano na ILO, shirika la kazi duniani, na UNICEF, shirika la watoto. Halafu wakachoka kusafirisha mzigo mpaka miji mingine kutafuta ndege, wafanyabiashara wakachanga wakajenga uwanja wa ndege wao wenyewe, ukaanza kufanya kazi 2007. Uwanja wa ndege jamani! Siyo banda la maonesho.

Watu wakisikia hiyo wanasema Wapakistani wana umoja sisi hatuna, mimi siamini. Wale ni washindani wanaoibiana wateja na mafundi kila siku. Walichokuwa nacho ni tatizo ambalo hakuna hata mmoja angelitatua peke yake na wote wangekufa nalo. FDA ilipofunga mlango haikubagua kiwanda kisafi na kichafu.

Na sisi hayo tunayo kwenye historia yetu kabla ya hao. Kilimanjaro miaka ya ishirini, walowezi hawakutaka kabisa Mchaga alime kahawa, sababu waliyokuwa wanaitoa hadharani ni kwamba mashamba ya Waafrika yataleta magonjwa na wadudu na kuharibu jina la kahawa ya mlimani. Nyuma ya pazia walikuwa wanaogopa ushindani na kukosa vibarua, lakini hoja waliyoisimamia ni ubora. Wakulima wakajibu kwa chama, KNPA, 1925, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake, kazi yao ikiwa kupambana na magonjwa ya mibuni na kuuza pamoja. Kile ndo kikaja kuzaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, 1933. Yaani chama kilikuwa jibu la hoja ya ubora, ili mtu asipate kisingizio cha kukufungia.

Haya, hiyo ni sura nzuri. Sasa sura ya pili, ambayo kwenye mikutano haisemwi kwa sauti.

Chama kikishakuwa mlinzi wa jina la wote kina sababu nzuri kabisa ya kukutoa wewe mdogo. Fikiria kama bodi inavyofikiria: mkulima wa eka ishirini namkagua mara moja, wakulima arobaini wa nusu eka nawakagua mara arobaini, na mmoja wao akikosea tunafungiwa wote. Rahisi ni kuwaacha. Na wakiwaacha hawatasema tumewaacha, watasema "tumeimarisha viwango". Ndivyo ilivyotokea Kenya masharti ya EurepGAP ya supamaketi za Ulaya yalipoanza kubana, hii ndo ambayo toka 2007 inaitwa GLOBALG.A.P., wakulima wadogo wengi wa mboga wakajikuta nje, siyo kwa sababu maharage yao ni mabaya ila kwa sababu ya stoo ya dawa yenye kufuli, choo, sehemu ya kunawia, maji yaliyopimwa, na vitabu. FPEAK, chama cha wauzaji mboga na matunda nje, kilichofanya cha maana ni kutengeneza KenyaGAP, masharti yaleyale yakiwa yamepimwa kwa mazingira ya Kenya, yakatambuliwa kuwa sawa na ya Ulaya 2007. Ilisaidia, hasa kwa vikundi, maana mnaweza kukaguliwa kama kikundi kimoja chenye utaratibu wa kujikagua ndani badala ya kila mtu cheti chake. Lakini kikundi nacho kinataka mtu wa kukiendesha, na huyo mtu anataka kulipwa.

Acha nikuonyeshe hicho kitabu, maana watu wa semina wanakitaja kama kitu chepesi. Ni daftari la mistari, kila mkulima anaandika tarehe, shamba, jina la dawa, kiasi kwa pampu, sababu ya kupulizia, na siku ngapi kabla ya kuvuna. Mkaguzi akija anaomba daftari kabla hata hajaenda shambani. Nimekaa na kiongozi wa kikundi fulani cha maharage huku Meru ya Arusha usiku wa kuamkia ukaguzi, madaftari yamepangwa mezani, unafungua moja unaona miezi mitatu yote imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, hakuna doa la udongo wala kona iliyokunjika. Mkaguzi yeyote aliyewahi kuona shamba anajua hicho kitabu kimeandikwa jana. Daftari la kweli linanuka dawa, lina ukurasa uliolowa, kuna sehemu mtoto amefanyia hesabu. Yule mama kiongozi akalitenga lile pembeni, akasema huyu msimu huu tunapumzika naye, na mwenye daftari ni mtoto wa kaka yake. Hapo ndo nilielewa kulinda jina la wote maana yake ni nini kwa mtu wa kawaida: ni kumwambia ndugu yako hapana, bila mshahara, na kesho mnakutana msibani.

Halafu asubuhi mzigo unaingia kituo cha kufungashia, kina mama wamevaa mabuti meupe na kofia za wavu, wanachambua, ekstra fain huku, fain huku, wanaangalia unene wa haragwe kwa jicho tu, milimita sita ni ukomo wa ekstra fain na hawakosei. Yaliyopinda, rejekti, ng'ombe. Mkulima anakuja kuambiwa kilo zake zilizokubalika ni ngapi na hakuwepo wakati wa kuchambua. Swali la nani anasimama pale kwa niaba ya mkulima halimo kwenye katiba ya chama chochote nilichowahi kusoma, na kwangu mimi ni swali kubwa kuliko maonesho yote ya matunda na mboga ya Berlin.

Kuna baya zaidi ya kuachwa nje, nalo ni chama kupewa mlango kikaufunga. Zanzibar walishaliona hili zamani. 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, maneno yalikuwa mazuri, kumlinda mkulima asinyonywe na wafanyabiashara wa Kihindi. 1937 wakakipa mamlaka juu ya ununuzi na uuzaji wa karafuu nje. Wafanyabiashara wakagoma, India, ambayo ilikuwa mteja mkubwa, nako chama cha siasa cha Congress kikawaambia watu wasinunue karafuu ya Zanzibar, karafuu zikakaa, mpaka 1938 wakafika kwenye maafikiano. Unaona? Chama kilikuwa na jina la wakulima, ila aliyekiandikia sheria siyo mkulima. Mimi nikisikia leo chama kinaomba serikali iweke utaratibu kwamba bila kibali cha chama huuzi nje, damu inanisisimka, hata kama hoja ni ubora, hata kama hoja ni kweli.

Tofauti kati ya mlinzi na mwenye mlango ni nyembamba, na mara nyingi unaijua kwa kuangalia ajenda. Kaa kwenye mkutano mkuu wa mwaka usikilize. Saa tatu asubuhi tuna sala na utambulisho, wageni waalikwa, saa tano chai na sambusa, saa sita kitu cha kwanza cha maana: marejesho ya VAT. Marejesho ya VAT ni jambo la kweli kabisa, kampuni kubwa zinadai pesa nyingi na kucheleweshewa kunaua, ila mtu wa kilo themanini hata kwenye VAT hajasajiliwa. Jambo lake, nani analipia kipimo cha mabaki ya dawa, linawekwa kwenye "mengineyo", na mengineyo yanafika wakati watu wanaangalia saa na basi la Karatu linaondoka. Siyo njama. Ni kwamba anayelipa ada kubwa ndo anayekaa kwenye bodi, na anayekaa kwenye bodi anaandika ajenda.

Ila tusiwaseme wakubwa tu, wadogo na sisi tuna tabia yetu. Oktoba 2014 maua na mboga za Kenya zilianza kutozwa ushuru kuingia Ulaya kwa sababu mkataba wa biashara wa EPA ulikuwa haujakamilika kwa wakati, kelele zilizopigwa na watu wa maua zilikuwa kubwa kweli, na kabla mwaka haujaisha ushuru ukaondoka. Ulivyoondoka uliondoka kwa wote, aliyelipa ada ya chama na ambaye hajawahi kukanyaga ofisini. Sisi wadogo tunalijua hilo ndo maana tunakaa pembeni, tunasubiri wenye nguvu wapigane, halafu tunalalamika kwamba chama ni cha wakubwa. Sasa kitakuwa cha nani?

Mpakani hali ni nyingine kabisa na hapo nadhani vyama vidogo visivyo na jina vinafanya kazi kubwa kuliko vya hotelini. Mama anayevusha vitunguu au dagaa Namanga, Mutukula au Busia, naye anauza nje, ingawa hakuna anayemwita eksipota. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, kinatolewa palepale mpakani, na bidhaa ikiwa ya ndani ya Jumuiya hulipi ushuru wa forodha. Kwa miaka mingi watu walikuwa hawajui, wanamlipa mtu awapitishe njia za panya, wanapoteza mzigo, wengine wanadhalilishwa njiani. Aliyewaambia siyo tovuti ya wizara, ni mwenzao wa kikundi cha wanawake wa mpakani aliyewahi kupita na hicho cheti akarudi akasema kumbe inawezekana, twende pamoja kesho. Kikundi cha namna hiyo hakina bango wala kaunta ya chai, kina kibubu na grupu la WhatsApp ambalo saa kumi na moja alfajiri linakuambia leo zamu ni ya nani pale dirishani.

Basi ukinibana useme niache historia nikuambie cha kufanya, mimi nafanya hivi kwa wateja wangu. Kabla ya kulipa ada naomba kitu kimoja kilichoandikwa: kanuni gani au tozo gani chama hiki kimesababisha ibadilike miaka ya karibuni, na barua iko wapi. Chama kinachofanya kazi kina barua, kinaweza kukutolea nakala bila kuona haya. Naangalia bodi, kuna mtu hata mmoja mwenye mzigo wa ukubwa wa kwangu? Nauliza kama kuna gharama tunayogawana, ndege, maabara, mkaguzi, stoo ya baridi. Na nampigia mwanachama mmoja mdogo, siyo yule waliyenipa wao. Maonesho ya nje nayaweka mwisho kabisa, watu wanapenda yale kwa sababu ya picha na tiketi ya ndege, na kweli kuna wanaopata oda, lakini ukipata oda ya tani kumi na huna cheti wala tani kumi umejitangazia aibu tu kwa mtu ambaye hatakujibu tena barua pepe.

Jambo linaloninyima usingizi sasa hivi ni la kahawa. Ulaya wana sheria yao ya 2023 ya kuzuia bidhaa zilizolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, kahawa na kakao zimo. Utekelezaji umeshasogezwa mbele zaidi ya mara moja lakini maandalizi yanaendelea, na kinachotakiwa ni kujua kila kilo imetoka shamba lipi, kwa mkulima wa chini ya hekta nne inatosha nukta moja ya GPS. Vijana wanapita vijijini na simu wanachukua hizo nukta, wengine wametumwa na ushirika, wengine na chama, wengine na kampuni ya kununua. Mkulima anapigwa picha akiwa na kitambulisho anarudi kwenye mibuni yake. Nimewauliza watu wa pande tatu tofauti swali moja: msimu ujao huyu mkulima akitaka kumuuzia mtu mwingine, hiyo nukta ya shamba lake anapewa aondoke nayo au inabaki kwenye kompyuta yenu? Mmoja akaniambia ni ya mkulima bila shaka, ila alipotakiwa kunionyesha fomu aliyosaini mkulima, fomu haikuwa na kipengele hicho. Wa pili akacheka. Wa tatu akasema italetwa kwenye kikao. Kama wewe ni mwanachama wa chama chochote cha kahawa na mkutano wenu haujafika, hilo lipelekeni mapema kwa katibu kwa maandishi, liingie kwenye ajenda yenyewe, lisije likasukumwa kwenye mengineyo.